Ami hanawi mikono: umwambie, umletee birika, au umtume mtu?

Msimu wa karafuu ndio unaotukusanya kwetu Wete, Pemba. Aliye Unguja hupanda boti, aliyeolewa Mkoani hurudi, na nyumba ya watu sita hulala watu kumi na tano. Chakula ni ukumbini, mkeka umetandikwa, masinia mawili. Na kila msimu swali ni lile lile, linanong'onwa jikoni tu: ami karudi shambani, kapitia bandani kuwafunga mbuzi, kaingia uani, katoka, kaketi, kasema Bismillahi, na mkono umeshaingia kwenye wali. Nani wa kumwambia?

Si ami yangu peke yake. Kila ukoo una wake. Yuko bibi anayepangusa mikono kwenye kanga akaendelea kukata kachumbari. Yuko shemeji anayetoka chooni bila maji kusikika, na wifi anayembadilisha mtoto nepi kisha akachota maji mtungini. Tunawapenda watu hawa. Tunakula nao sinia moja, na kula sinia moja kwetu ndio udugu wenyewe. Kwa hiyo jambo dogo la sabuni linakuwa zito: ukilisema vibaya, umemwambia mtu kwamba mkono wake hautakiwi kwenye sinia.

Nimezijaribu njia karibu zote, na moja niliitumia vibaya hadi leo inaniuma. Nitaziweka hapa moja kando ya nyingine, niseme ipi inamfaa nani, na ipi naona isiguswe kabisa.

Kabla ya kuchagua, mtazame

Njia inayomfaa kijana wa miaka 25 inaweza kumuumiza mzee wa miaka 75, maana hawaachi kunawa kwa sababu moja.

Asubuhi moja nilikaa jikoni nikamtazama mama yangu mdogo. Alitoka kuwamwagia kuku pumba, akaelekea kwenye karo. Karo liko uani, ngazi mbili chini, na mfereji uko chini kiasi kwamba lazima uiname. Akashuka ngazi ya kwanza ameshika ukuta. Akaushika mfereji, akauzungusha, haukuzunguka, kwa sababu vijana huukaza sana usivuje. Vidole vyake vina yabisi. Akajaribu mara ya pili, kisha akapandisha ile ngazi polepole, akajipangusa kwenye kanga, akaketi kwenye mbuzi kukuna nazi. Miaka miwili sisi tulikuwa tukisema "mama mdogo hapendi kunawa". Hakuna neno ambalo lingemsaidia. Alichohitaji ni ndoo yenye kibomba chepesi, juu ya kigoda, mlangoni mwa jikoni.

Sababu nyingine ni za umri wa aina nyingine. Waliokulia miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 wanakumbuka sabuni ya foleni, kipande kinakatwa vinne, cha kufulia na cha kuogea. Kwao kutumia sabuni kabla ya kula ni israfu. Wako ambao maji yanachotwa mbali, na kila kata ina hesabu yake. Wavuvi, wachambuaji karafuu na wakulima wa mwani wana mikono iliyopasuka, na sabuni huwachoma. Na wako wazee wanaosahau tu: amenawa au hajanawa, hajui mwenyewe. Huyu wa mwisho usimpe nasaha. Mshike mkono, mwende karoni pamoja, kila mara, kama ulivyoshikwa wewe.

Halafu kuna jibu ambalo nimelisikia kuliko yote: "Mimi nina udhu." Jibu hili lisidharauliwe, lina ukweli ndani yake. Mtu anayeswali sala tano anaosha viganja mara tatu kila anapotawadha, na hiyo ni zaidi ya wanavyofanya wengi duniani. Lakini udhu ni tohara ya ibada, na hauna sharti la sabuni. Mwaka 2011 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliwapa watu wa kujitolea kazi ya kushika vitasa na vyuma vya mabasi, kisha wakawapima mikono. Wasionawa kabisa walikutwa na vijidudu vya asili ya kinyesi katika asilimia 44 ya vipimo. Walionawa kwa maji matupu, asilimia 23. Walionawa kwa maji na sabuni, asilimia 8. Mimi nilimfikishia ami yangu hesabu hiyo hivi: "Ami, maji yamefanya nusu ya kazi. Sabuni imalize." Hilo hakulichukia, kwa sababu halikumwambia kwamba udhu wake ni bure.

Mkono unaingia wapi?

Kitu cha pili cha kutazama ni haraka ya jambo. Si kila mkono mchafu una hatari moja, na ukigombana kwa kila kimoja utapoteza nguvu ya kusema pale panapohitajika.

Mkono unaokamua tui unatia hofu ukiutazama, chicha imejaa hadi kwenye viganja, maziwa yanachuruzika baina ya vidole. Lakini tui lile linakwenda motoni na litachemka. Mkono huo huo ukishuka kwenye kachumbari, kwenye juisi ya embe, kwenye maembe mabichi ya urojo yaliyokwisha kukatwa, hapo hakuna moto wa kuuokoa mlo. Kwa hiyo nikiwa na neno moja tu la kusema jikoni kwa siku, silisemi kwenye nazi, nalisema kwenye kachumbari. Au bora zaidi, najitolea kuikata mimi.

Mtungi wa maji ya kunywa nao ni hivyo. Kata inayotiwa na kila mkono inamgusa kila mtu wa nyumba, hata yule aliyenawa.

Na juu ya yote, mtoto mchanga. Arubaini haijatimia, wageni wanakuja, kila mmoja anataka kumshika kidevu. Mzee anaitwa kumtia tende kinywani kama sunna ilivyo, na kidole kinaingia moja kwa moja kwenye kaakaa la kiumbe wa siku mbili. Hapo sisubiri njia ya taratibu. Birika na sabuni vinakuja pamoja na tende kwenye sinia moja, viwe sehemu ya shughuli yenyewe.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuambiwa kwamba haya ni mambo ya kweli. Kipindupindu kimekuwa kikirudi Zanzibar tangu 1978. Ule mlipuko ulioanza Septemba 2015 uliwapata zaidi ya watu 4,000 hadi kufikia 2016, na uuzaji wa vyakula barabarani ulisimamishwa kwa muda. Serikali imejiwekea mpango wa kukitokomeza ifikapo 2027. Mpango huo una mabomba na vyoo na chanjo ndani yake, lakini mwisho wake unaishia hapa ukumbini, kwenye mkono na sinia.

Birika na faragha

Njia mbili ndizo zinazostahili kupimwa kwa makini. Ya kwanza ni kubadilisha desturi ya nyumba ili kila mtu anawe bila mtu kutajwa. Mimi naiita njia ya birika. Ya pili ni kumwambia mhusika mwenyewe, faraghani, kwa maneno.

Birika si jambo la kuletwa na mtu, lilikuwepo. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeinuka kwenda kunawa. Mtoto mkubwa wa nyumba alipita na birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, akaanza na mkubwa wa baraza au mgeni, akateremka kwa umri. Kutiliwa maji ilikuwa heshima. Kisha zikaja karo za ndani, tukaambiana "kila mtu akanawe", na tangu hapo anayetaka anakwenda na asiyetaka anaketi.

Lakini tazama jambo moja ambalo tumelifanya kinyume hata enzi za birika. Kabla ya kula tulimwagiwa maji tu. Sabuni ilikuja baada ya kula, kuondoa shombo la samaki na mafuta ya mchuzi. Tulikuwa tukiinusuru kanga isinuke na tumbo tukiliacha. Kurudisha birika peke yake hakutoshi, sabuni nayo lazima ihame, itangulie chakula.

Msimu ule nilipolirudisha, nilimpa kazi mpwa wangu wa miaka kumi na mbili. Akapiga goti mbele ya ami, akamnyooshea sabuni kwenye kisosi. Ami akaitazama, akaichukua. Akasugua viganja, mtoto akashika birika juu akisubiri, kama nilivyomfundisha, asimwage mpaka povu liingie baina ya vidole. Kisha akamwaga. Maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa ya rangi ya udongo, na weusi wa utomvu wa karafuu ukabaki kwenye kucha. Ami akayaona maji yale. Hakuna aliyesema neno. Akamwambia mtoto, "Rudia," akanyoosha mikono tena.

Hiyo ndiyo nguvu ya birika: mtu anajionea mwenyewe, na hakuna aliyemshitaki. Na linakukamata na wewe msemaji, maana kusema kweli nami nilikuwa nikijisahau. Kama unahitaji ushahidi kwamba watu wazima hubadilika kwa mpangilio bila kuhutubiwa, kumbuka 2020, wakati wa korona. Ndoo zilikuwa milangoni mwa maduka na misikitini, na tulinawa sote, mzee na kijana. Ndoo zilipoondolewa, na kunawa kukaondoka. Wengi wetu hatukubadilisha imani yoyote. Kilichobadilika ni kwamba ndoo haikuwepo.

Udhaifu wake nao uko wazi. Birika linalinda sinia tu. Halifiki chooni, halifiki kwenye ubao wa kukatia vitunguu saa nne asubuhi, halifiki kwa mtu anayekula embe chini ya mti. Na linategemea mtu. Ukirudi Unguja na mpwa wako akirudi skuli, birika linarudi kabatini.

Faragha inafika kote huko. Neno moja likikubaliwa, mtu analichukua hadi shambani. Lakini neno halirudi likishatoka, na kwa mzee una nafasi moja, pengine mbili. Ndiyo maana mimi hulitanguliza birika, na faragha nikaiweka akiba kwa yale ambayo birika haliyawezi.

Ukiichagua faragha, basi iwe faragha kweli. Si mbele ya mke wake, si mbele ya watoto wake, na si wakati chakula kimeshawekwa. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, barazani, akiwa ametulia na kahawa yake. Nilivyolisema mimi mara ya pili, baada ya kuliharibu mara ya kwanza, ni hivi:

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina ombi, na nataka uniwie radhi kabla sijalisema."

"Sema."

"Huyu mwanangu tumbo limemshika mara mbili mwezi huu. Hospitali wametuambia, nyumba nzima tunawe kwa sabuni kabla ya kumshika na kabla ya kugusa chakula chake. Nimeshawaambia wenzangu. Na wewe ndiye mkubwa wetu. Ukinawa wewe mbele yao, hakuna mdogo atakayenibishia."

Akanyamaza kidogo. "Mbona hukuniambia siku zote?"

Yaangalie maneno yale. Hayana "wewe hunawi". Ombi ni la mtoto, amri ni ya hospitali, na yeye amepewa kazi ya ukubwa wake, kutangulia. Lakini nasisitiza: mtoto wangu aliumwa kweli, na hospitali walisema kweli. Usizue ugonjwa. Mzee akija kugundua ulimtungia, umemkosea heshima mara mbili, na mara ya pili ni mbaya zaidi.

Mara ya kwanza, niliyoiharibu, ilikuwa sikukuu ya Idi. Sinia limewekwa, wageni wamekaa, nami nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ami, mikono kwanza." Sikukusudia ubaya. Ami aliinuka, akasema ameshiba, akatoka. Hakula kwetu wiki tatu. Mke wake ndiye aliyeniambia kwamba alikuwa akijifunika shuka mchana na kusema amezeeka hana pa kukaa. Nilikuwa na haki kuhusu mikono, na nilikuwa na kosa kwa mengine yote.

Haki peke yake haijawahi kutosha katika jambo hili, hata kwa mtaalamu. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha ndio waliokuwa wakiwapa akina mama homa ya uzazi. Aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo katika wodi yake vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi wa Aprili hadi asilimia 2 hivi mwezi wa Juni. Baadaye aliwaandikia wakubwa wa fani yake barua za wazi akiwaita wauaji. Wengi walimkataa, na akafa 1865 bado hawajamkubali. Hao walikuwa madaktari, na takwimu walikuwa nazo mezani. Sembuse ami na sikukuu yake.

Kwa hiyo ukipima hizi mbili: anayekula nawe tu, birika linatosha, usimwambie lolote. Anayepika, anayelea mtoto au anayechota mtungini, birika halitoshi, faragha ni lazima, na usiichelewe. Mtu wa rika lako au mdogo wako, anza na maneno moja kwa moja, birika kwake ni kuzunguka bure. Mdogo haumizwi na kuambiwa akiambiwa vizuri. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomwona kijana Umar bin Abi Salama mkono wake unazunguka kwenye sahani alimwambia papo hapo: taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho karibu yako. Alimwambia la kufanya, hakumwambia alivyokuwa mbaya. Lakini pale mkubwa alikuwa akimwambia mdogo. Ukipindua cheo, mambo yanapinduka.

Ukiwa huna cheo cha kusema

Kuna watu ambao huwezi kuwaambia hata faraghani, hata kwa maneno ya asali. Wa kwanza ni mkwe. Mavyaa wako akiambiwa na wewe kwamba hanawi, hata kama ni kweli tupu, atasikia kwamba unamwona mchafu, na wifi zako watasikia kabla ya magharibi. Hilo ni la mumeo. Yeye ndiye mwana, mama atamkaripia kisha atamsamehe. Na mume naye asiwaendee wakwe zake, amwachie mkewe. Kanuni hii sijaiona ikivunjwa bila gharama.

Kwa mwanamke mkubwa, mtu wa kati aliye bora ni somo yake au rafiki wa rika lake. Wale wanaambiana mambo ambayo mtoto hawezi kuyagusa, tena kwa kucheka. Ubaya wake ni kwamba huwezi kujua neno litafikaje. Umemtuma na "amkumbushe sabuni", linafika "watoto wako wamenituma, wanasema unanuka". Ukimtuma mtu, mpe maneno yenyewe, na chagua mtu mwenye kusitiri.

Sheikh wa mtaa ni njia ya taratibu lakini ya kina, hasa kwa wazee wa "nina udhu". Darsa la baada ya magharibi linawafikia kumi kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua nani aliombewa. Iko hadithi ambayo naona haisemwi vya kutosha: mmoja wenu akiamka usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwani hajui mkono wake umelala wapi. Sikiliza upole wake. Haikusema mkono ni mchafu. Imesema *hajui*. Hakuna mzee wa kuchukia kuambiwa kwamba alipokuwa amelala hakujua, na kutoka kwenye mkono wa usingizini hadi kwenye mkono wa bandani si mbali. Usiseme wewe, lakini, kama hukusoma. Aya na hadithi mdomoni mwa mpwa mbele ya ami yake zinageuka fimbo.

Mfanyakazi wa afya wa shehia anafaa vile vile, pale anapopita nyumba kwa nyumba. Muombe azungumze na nyumba nzima, wewe ukiwa umekaa unasikiliza kama wengine.

Njia mbili ninazozikataa

Ya kwanza ni fumbo. Kwetu fumbo ni sanaa, na kanga ndiyo barua yake. Mtu anaweza kukaa kimya siku nzima na jina la kanga yake likamaliza mazungumzo. Lakini fumbo limetengenezwa kwa ugomvi: kumwonyesha mtu kwamba unajua, na kwamba wengine wanajua. Ukimvalia bibi yako kanga kwa ajili ya mikono yake, ama hataelewa, na hapo umevaa bure, ama ataelewa, na hapo umemsuta ndani ya nyumba yake. Hakuna katikati. Kadhalika kumpandisha mtoto mdogo: "Nenda kamwambie babu mikono yake michafu." Mtoto aliyejifunza skuli akamwimbia babu yake namna ya kunawa kwa hiari yake ni baraka, babu atanawa naye. Mtoto aliyefundishwa sentensi, babu atajua imetoka kwa nani, na mtoto umemfundisha kumkosea mkubwa.

Ya pili ni kumtenga: sahani yake peke yake, kijiko chake, pembeni. Wengi huiona ni ya kistaarabu kwa sababu haina maneno, ila mimi naiona ndiyo kali kuliko zote. Mzee anayepakuliwa sahani peke yake wakati sinia liko pale amesikia kila kitu. Kama nyumba yenu imeamua kuacha sinia, basi acheni wote, kila mtu na sahani yake, kuanzia siku moja. Ninaloliwekea nafasi ni ugonjwa tu. Mtu anayeharisha asipike wala asitie mkono kwenye sinia, awe ami au awe mimi, na hilo liambiwe wazi kwamba ni la ugonjwa, na limalizike ugonjwa ukiisha.

Kuhusu sanitaiza, kwa ufupi. Inafaa safarini, ndani ya boti, palipokosa maji, iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Lakini mkono wenye udongo au mafuta haiufai, na mayai ya minyoo haiyaui. Hayo yanahitaji kusuguliwa yatoke. Na wako wazee wanaoikwepa kwa sababu ya ile alkoholi. Usibishane nao, wape sabuni.

Kitu cha kuanzia

Ukiniuliza pesa yako ya kwanza uitie wapi, sitasema kwenye birika. Nitasema ndoo yenye kibomba, iwekwe juu, mlangoni mwa jikoni na nyingine nje ya choo, ili asiweze mtu kuzipita bila kuziona. Palipo na maji kidogo, kibuyu chirizi kinatosha, dumu dogo na kamba ya kukanyagia. Sabuni itie kwenye kipande cha wavu uliokwisha, uifunge pale pale. Isipofungwa, kunguru ataichukua, na kama si kunguru ni mtu wa kwenda kuoga. Na kazi ya kujaza maji iwe ya mtu mmoja mwenye jina. "Mtu atajaza" ndiyo ndoo kavu ya kesho.

Kwetu kazi hiyo ni ya mpwa wangu. Mama mdogo naye ameniomba sabuni ya mwani, ile inayotengenezwa na kina mama wa huku kwetu, anasema haimkaushi vidole. Ami bado husahau akitoka shambani na njaa. Wiki iliyopita nilipiga simu, mama mdogo akapokea, nikasikia nyuma yake maji yanadondoka kwenye ndoo na sauti ya ami inauliza nani kaiacha sabuni ndani ya maji. Mama mdogo akaniambia, "Ukija lete mbili. Ile moja ami yako kaihamishia chumbani kwake."